Januari ya washairi: marehemu hujibiwa kwa mizani yake

Majira ya baridi ya mwaka 1938 kuamkia 1939 yaliondoka na washairi wawili wakubwa, na kati ya kifo na kifo ulipita mwezi mmoja na siku moja tu. Tarehe 27 Desemba 1938 Osip Mandelstam alikata roho katika kambi ya wafungwa karibu na Vladivostok, mashariki ya mbali ya Urusi, akisubiri kupelekwa kwenye kazi ngumu. Alikuwa na miaka 47, na kaburi lake halina alama. Tarehe 28 Januari 1939 William Butler Yeats wa Ireland, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1923, akafariki kusini mwa Ufaransa akiwa na miaka 73.

Kifo cha Yeats kilitangazwa na magazeti ya nchi nyingi. Kifo cha Mandelstam hata mkewe hakuambiwa. Nadezhda alizipata habari hizo pale posta, kifurushi alichomtumia mumewe kiliporudishwa kwa maelezo kwamba mpokeaji amefariki. Shairi moja la kumdhihaki Stalin, alilowasomea marafiki faraghani, ndilo lililomtia Mandelstam mbaroni kwa mara ya kwanza mwaka 1934. Kwa hiyo Nadezhda alijua kuwa karatasi inaweza kuua. Akayahifadhi mashairi ya mumewe kichwani, akiyarudia kimoyomoyo mwaka baada ya mwaka, mji baada ya mji, hadi enzi zile zilipopita.

Nimeanza na vifo hivi kwa sababu nina hoja ya kutetea. Siku hizi maisha ya fasihi tunayapima kwa uzinduzi wa vitabu, tuzo, picha za jukwaani na idadi ya wafuasi mtandaoni. Sina ugomvi na hayo. Mwandishi naye anahitaji kula, na makofi hayajamdhuru mtu. Lakini ushairi hauishi humo. Unaishi katika kazi moja kongwe: aliye hai kumjibu aliyekufa, tena kwa kipimo ambacho marehemu mwenyewe angekitambua. Washairi wa nchi za baridi wametuachia ushahidi wa jambo hili ulio bayana kuliko wote niujuao, na unaanzia na hiyo Januari ya Yeats.

Siku mbili kabla ya Yeats kufariki, mshairi Mwingereza W. H. Auden aliteremka melini New York, theluji ikianguka. Alikuwa na miaka 31, ameihama nchi yake, na nyumbani wapo waliomwona mtoro kwa sababu vita vilikuwa vikinusa mlangoni. Habari ya kifo ikamkuta ugenini. Machi mwaka huohuo shairi lake la maombolezo lilikuwa limeshachapishwa. Mahali alipofia Yeats ni pwani yenye baridi ya upole, watu wa kaskazini huenda huko kuota jua. Lakini ndani ya shairi la Auden siku ile ni ya barafu na ubaridi wa kukata mifupa. Baridi ya mwombolezaji imehamishiwa kwa marehemu. Si kosa hilo, ndivyo maombolezo yalivyo: anayelia hutumia hali ya hewa aliyonayo.

Sehemu ya tatu ya shairi hilo ndiyo inayonivuta. Humo Auden anaacha mistari mirefu ya mazungumzo na kuingia kwenye mshororo mfupi wenye mapigo manne, karibu sana na ule ambao Yeats alikuwa ameutumia mwaka 1938 katika shairi lake la kujiaga. Sikio lililozoea utenzi litaidaka bahari hiyo bila taabu: beti za mishororo minne, kila mshororo mizani saba, pengine nane, vina vikienda viwili viwili. Kiingereza huhesabu pia mkazo wa silabi, jambo ambalo arudhi yetu haijalihitaji, lakini umbo ni jamaa wa karibu. Auden angeweza kumsifu Yeats kwa mtindo wowote. Aliamua kumwingiza kaburini kwa hatua zake mwenyewe.

Sasa ruka miaka 26. Norenskaya ni kijiji katika wilaya ya Konosha, mkoa wa Arkhangelsk, kaskazini mwa Urusi, ambako Januari jua huzama mapema alasiri na theluji huwa imeshazoeleka kama vumbi kwetu. Hapo aliishi kijana wa Leningrad aitwaye Joseph Brodsky. Aliacha shule akiwa na miaka 15, akafanya kazi kiwandani, chumba cha maiti na kwenye misafara ya wanajiolojia, huku akitunga. Februari 1964 alikamatwa, na mwezi uliofuata mahakama ikamhukumu miaka mitano ya kazi za lazima vijijini kwa kosa la ukupe, yaani kuishi bila kazi inayotambuliwa na dola. Watanzania wanaokumbuka msako wa Nguvu Kazi mwaka 1983, uliowalenga wasio na kazi, hawahitaji maelezo marefu. Hakimu alitaka kujua ni nani aliyemthibitisha kuwa mshairi. Brodsky akamjibu kwamba hakuna, kisha akauliza ni nani basi aliyemsajili katika ukoo wa binadamu. Mwandishi wa habari Frida Vigdorova aliyaandika maneno ya kesi ile humohumo ukumbini, na nakala zake zikasambaa hadi nje ya nchi.

Norenskaya alipasua kuni, akabeba samadi, akafanya kazi za shamba la ushirika. Jioni alisoma. Rafiki wa Moscow alimpelekea mkusanyiko wa mashairi ya Kiingereza, lugha aliyokuwa akijifunza kwa kamusi, na kitabu kikamfungukia kwenye maombolezo ya Auden kwa Yeats. Amesimulia baadaye, katika insha iliyomo ndani ya kitabu chake Less Than One cha mwaka 1986, jinsi alivyoketi ndani ya kile kibanda akitazama kupitia kidirisha njia ya tope na kuku wachache, asiamini alichokisoma. Kilichomshtua ni dai la Auden kwamba Wakati, huo unaofuta kila kitu, una kimoja unachokipigia magoti, nacho ni lugha. Kijana aliyehukumiwa kwa kutokuwa na kazi akagundua kwamba anayo kazi, na mwajiri wake ni mkubwa kuliko hakimu.

Tarehe 4 Januari 1965 T. S. Eliot alifariki London. Habari ilifika Norenskaya, na shairi la Brodsky la kumwomboleza lina tarehe ya 12 Januari. Lina sehemu tatu kama lile la Auden, na katika sehemu ya tatu mistari inafupika vilevile, hatua zilezile, sasa kwa Kirusi. Mshairi asiye na kitabu hata kimoja, aliye mbali na mji, anamzika mshairi wa London kwa mizani aliyoazima kwa Mwingereza wa New York, aliyeichukua kwa Mwairishi aliyefia Ufaransa. Hakuna mhariri aliyeomba shairi hilo, wala jukwaa lililolisubiri. Gazeti la wilaya ya Konosha lilichapisha mashairi yake mawili mwaka huo, na hiyo ndiyo ilikuwa hadhira yote rasmi aliyokuwa nayo.

Hapa nataka kuweka tahadhari, maana wapenzi wa fasihi tuna tabia ya kuitukuza dhiki. Mshairi Anna Akhmatova, aliyempenda Brodsky kama mwanawe, alitania wakati wa kesi kwamba serikali inamtengenezea kijana wao wasifu wa kupendeza. Alikuwa na haki ya kutania. Mwanawe wa kumzaa alikaa kambini miaka mingi, na mashairi yake aliyokuwa akiyatunga juu ya mateso hayo yalihifadhiwa vichwani mwa marafiki, karatasi zikichomwa. Baridi na kifungo havimfanyi mtu mshairi. Vilimuua Mandelstam. Brodsky naye aliachiwa Septemba 1965, baada ya mwaka mmoja na nusu, watu kama Akhmatova, Shostakovich na Jean-Paul Sartre wakiwa wameingilia kati, na maisha yake yote alikataa kuvaa joho la mhanga. Kilichomwokoa ndani ya theluji kilikuwa mazungumzo. Alikuwa na mtu wa kumjibu.

Mwaka 1966 Auden alitoa mkusanyiko mpya wa mashairi yake mafupi, na katika maombolezo ya Yeats aliziondoa beti tatu, zikiwemo zile zenye dai la Wakati kuitukuza lugha. Hakuziamini tena. Yaani maneno yaliyomsimamisha kijana kule Norenskaya, mtunzi wake aliyaona ni ya kutupa. Wangapi kati yetu tungejua la kufanya na habari hiyo? Brodsky alijua: aliendelea kuyashika. Shairi likishatoka mkononi mwa mtunzi lina wenyewe wengine, na mtunzi akibadili mawazo anabaki kuwa msomaji mmoja miongoni mwa wasomaji.

Tarehe 4 Juni 1972 Wasovieti walimpakia Brodsky ndege ya kwenda Vienna, bila tiketi ya kurudi. Siku chache baadaye alikuwa Kirchstetten, kijiji cha Austria ambako Auden alikuwa na nyumba ya kiangazi. Mzee akampokea, akamtafutia fedha na marafiki, akafuatana naye hadi tamasha la ushairi la London. Septemba mwaka uliofuata Auden alifariki. Mwaka 1977 Brodsky alinunua mashine ndogo ya kupigia chapa katika duka la New York na kuanza kuandika insha kwa Kiingereza. Sababu aliyoitoa si soko wala sifa. Alitaka kuwa karibu na Auden, aifurahishe roho yake. Ndiyo hoja yangu nzima: mtu anajifunza kuandika kwa lugha ya kigeni ili marehemu mmoja asikie vizuri.

Wazazi wake hawakuruhusiwa kumtembelea hata mara moja. Mama alifariki mwaka 1983, baba mwaka 1984, na mwana akawalilia kutoka Marekani. Insha aliyowaandikia aliiandika kwa Kiingereza, kwa kuwa hakutaka kuwaacha ndani ya lugha ya dola iliyowafungia. Mwaka 1987 alipata Nobel. Kila mwaka, vyuo vya Marekani vilipofunga kwa likizo ya Desemba, alifunga safari ya Venice. Watalii huenda Venice wakati wa kiangazi. Yeye aliutaka mji wa baridi, ukungu na harufu ya mwani ulioganda, uliomkumbusha utoto wake kwenye mwambao wa Baltiki. Katika kitabu chake kuhusu mji huo anasema kwamba kila mkesha wa mwaka mpya alijitahidi kuwa karibu na maji, bahari hasa, aone wakati mpya ukitoka humo. Mtu aliyekulia pwani yetu, ambako Siku ya Mwaka watu huteremka baharini kuukoga mwaka, hatalishangaa wazo hilo. Atashangaa tu kwamba mtu wa theluji amelifikia peke yake.

Alikuwa na ada nyingine ya Desemba. Tangu miaka ya mwanzo ya 1960 alijaribu kutunga shairi moja kila Krismasi. Alizaliwa katika familia ya Kiyahudi na hakuwa mtu wa kanisa, na iko miaka ambayo hakuna kilichokuja. Lakini ahadi iliendelea. Naiona kuwa somo kubwa kwa anayetunga. Wakati ni ukuta, wahenga walisema, na anayepigana nao huumia mwenyewe. Brodsky hakupigana nao. Aliweka miadi nao, mara moja kwa mwaka, akafika na shairi alipoweza. Mizani kwake ilikuwa sehemu ya miadi hiyo, maana mizani ni njia ya kuupanga wakati upya, uende kwa mwendo wa ulimi badala ya mwendo wa saa. Ndiyo sababu aliishikilia hata alipoishi Marekani, ambako washairi wengi wa kizazi chake walikuwa wameshaiacha.

Alifariki kwa ugonjwa wa moyo nyumbani kwake Brooklyn, akiwa na miaka 55. Ilikuwa tarehe 28 Januari 1996, siku ileile ya Yeats. Rafiki yake Seamus Heaney, Mwairishi aliyezaliwa mwaka aliofariki Yeats na aliyetoka kupokea Nobel wiki chache nyuma, aliiona tarehe hiyo na akafanya kilichopaswa kufanywa. Alitunga maombolezo kwa mishororo ileile mifupi, akalipa shairi jina la kukiri deni lake kwa Auden, na kuliweka katika diwani yake ya mwaka 2001. Hatua zikarudi Ireland zilikotoka, zikiwa zimepitia New York, Norenskaya na Brooklyn. Jeneza la Yeats lilisubiri hadi mwaka 1948 kuvushwa kwenda Sligo, na Brodsky alisubiri hadi mwaka 1997 kuzikwa Venice. Mizani haikuwasubiri.

Msomaji anaweza kuniuliza: haya yatuhusu nini sisi, ambao baridi yetu kali ni ya kipupwe, na shuka moja huimaliza? Yanatuhusu kwa sababu kazi hii ilikuwa yetu kabla hatujawasikia kina Auden. Muyaka bin Haji alijibizana na washairi wa Lamu karne ya 19, vina kwa vina. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923, lilikuwa na ukurasa ambao malenga wa Tanga alimjibu malenga wa Ujiji, na anayejibu alilazimika kuichukua bahari ya aliyemtangulia. Abdilatif Abdalla, aliyefungwa miaka mitatu kuanzia 1969 kwa sababu ya waraka uliouliza Kenya inaelekea wapi, aliandika mashairi ya Sauti ya Dhiki kwa siri gerezani, kwenye karatasi za chooni, kwa arudhi kamili ya Kimvita. Baadaye aliishi London, na tangu mwaka 1995 alifundisha Kiswahili Leipzig. Kwa hiyo wapo kati yetu wanaozijua Januari za kaskazini kwa miili yao, na wanaojua pia kwa nini mtu mwenye karatasi chache huchagua umbo linalokaa kichwani.

Tatizo letu ni kwamba majibizano yamebaki kwa walio hai pekee. Shairi linarushwa kwenye kundi la simu asubuhi, linajibiwa kabla ya adhuhuri, na kufikia Ijumaa hakuna anayelikumbuka. Mshairi akifa tunatuma emoji za kulia na picha yake, kisha tunahamia kwa mwingine. Maombolezo tunayoyatunga mengi yangeweza kumfaa marehemu yeyote, unabadili jina tu: aliitumikia lugha, pengo lake halizibiki, Mungu amrehemu. Dua ni njema na sibezi dua. Lakini shairi lisiloonyesha hata mshororo mmoja kwamba mtunzi aliwahi kumsoma huyo anayemlilia ni salamu za rambirambi zilizokatwa vipande vinne vinne.

Kuna atakayesema kwamba nimeleta tena ule ugomvi wa miaka ya 1970 kati ya wanamapokeo na wanausasa, na kwamba nataka sote turudi kwenye vina na mizani. Sivyo. Hoja yangu ni kwamba kila marehemu ana mwendo wake, na heshima ya kwanza ni kuujifunza. Euphrase Kezilahabi, aliyelitikisa zizi la arudhi kwa diwani yake Kichomi mwaka 1974, alifariki Dar es Salaam Januari 2020. Yeye pia alizionja baridi za kaskazini, akisomea udaktari wake Wisconsin. Kumlilia Kezilahabi kwa tarbia iliyonyooka ni kumkosea adabu, sawa na kumlilia Shaaban Robert kwa mistari isiyohesabika.

Basi napendekeza jambo dogo kwa wahariri wanaotoa nafasi ya ushairi: Januari, mwezi ambao kila mtu anatangaza mipango ya mwaka, watenge ukurasa mmoja kwa mashairi ya kuwajibu waliotutoka, na wasichapishe lolote ambalo haliwezi kutambulika limeandikwa kwa nani pasipo kutajwa jina. Walimu wanaweza kufanya vivyo hivyo darasani, kwa kuwa mwanafunzi anayelazimika kutembea hatua za Muyaka kwa beti nne ataijua arudhi kuliko yule aliyekariri majina ya bahari kwa ajili ya mtihani. Mimi nitaanza na Kezilahabi. Nimelelewa na vina, na mkono wangu huona aibu ukitoka nje bila hivyo. Lakini yeye hakuvitaka, kwa hiyo nitaviacha nyumbani.